Asasi chini ya utawala wa mabavu: isajiliwe au ibaki nje?

Asasi iliyosajiliwa inaweza kukodi ofisi, kupokea ruzuku na kubisha hodi wizarani. Ila aliyekupa cheti ndiye anayekupangia mipaka. Nchini Ethiopia, sheria ya 2009 ilizizuia asasi zilizopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zao kutoka nje kushughulikia haki za binadamu. Nyingi zikageukia huduma za maendeleo, na sheria haikubadilishwa hadi 2019. Huduma si jambo dogo, tusidanganyane, lakini hazimhoji mtawala.

Kubaki nje kunaacha mdomo huru na mwili hatarini. Viasna, asasi ya haki za binadamu ya Belarus, ilifutiwa usajili 2003, ikaendelea kuorodhesha wafungwa wa kisiasa. Tatizo likawa pesa: asasi isiyotambuliwa haiwezi kufungua akaunti, kwa hiyo misaada ilipitia akaunti binafsi za mwanzilishi wake, Ales Bialiatski, katika nchi jirani. Mwaka 2011 akafungwa kwa kukwepa kodi. Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2022 ilimkuta gerezani tena.

Kwa kazi ya kliniki, ningesajili. Kwa kuhifadhi ushahidi wa mateso, ningebaki nje, kumbukumbu zikiwa na nakala ng'ambo.