Ditto Looper: pedali ya swichi moja kwa mtunzi asiye na bendi

Bendi ya dansi ikipanga wimbo, wapiga gitaa la solo, la sekondi solo (linalojibizana na solo), la ridhim na la besi wako chumba kimoja na kila mmoja anamsikia mwenzake. Anayetunga peke yake ana mikono miwili tu. Lupa ndiyo inayomwokoa: anarekodi ridhim, pedali inairudia bila kuchoka, naye anatafuta solo juu yake. Lupa zipo za kila aina. Ditto ya TC Electronic, kampuni yenye asili ya Denmark, iliingia sokoni mwaka 2013 na bado inaonekana miguuni mwa wengi kwa sababu haina mambo mengi. Ina swichi moja ya mguu, nobu moja na taa moja, basi.

Inarekodi hadi dakika 5. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila kipimo cha mapigo manne kinakula sekunde 2, kwa hiyo una nafasi ya vipimo 150. Mzunguko wa kutungia kwa kawaida ni vipimo 4 au 8, yaani sekunde 8 hadi 16, kwa hiyo usibabaishwe na tangazo la lupa yenye saa nyingi za kurekodi. Tabaka za kuongeza juu ya lupu, yaani kile kipande kinachojirudia, hazina kikomo. Sauti ya gitaa lako la wakati huo inapita moja kwa moja bila kugeuzwa kuwa ya kidijitali, na hilo masikio yanalisikia: gitaa haliwi jembamba ukiichomeka. Ni ya mono, tundu moja la kuingilia na moja la kutokea. Haina tundu la hedifoni, wala metronomu ya kuhesabia mapigo, wala midundo ya dramu.

Uendeshaji uko hivi. Unagonga mara moja, taa inakuwa nyekundu, inarekodi. Unagonga tena, lupu inajifunga na kuanza kujirudia, taa ya kijani. Ukigonga mara ya tatu unaanza kuongeza tabaka, na ukigonga tena unaacha kuongeza. Kukanyaga na kushikilia wakati lupu inacheza kunaondoa tabaka la mwisho, na ukishikilia tena linarudi. Kusimamisha ni kugonga mara mbili haraka. Ikishasimama, kanyaga ushikilie, lupu inafutika. Hayo ndiyo yote, na mtu anayajua kabla chai haijapoa.

Kuyajua ni rahisi, ila kuyafanya kwa wakati ndiyo kazi yenyewe. Karibu kila anayeanza anafunga lupu vibaya, na sababu ni ileile: anagonga pale kodi ya mwisho (sauti kadhaa za gitaa zinazolia pamoja) inapomalizika, wakati anatakiwa kugonga kwenye "moja" ya kipimo kinachofuata. Hesabu kwa sauti, moja mbili tatu nne, na mguu ushuke juu ya "moja" kama vile unaendelea kupiga, hata mkono usisimame. Ukiwahi, mzunguko unajikwaa kila unaporudi mwanzo. Ukichelewa hata sehemu moja ya ishirini ya sekunde kwenye lupu ya sekunde 16, peke yako hutaona kitu, lakini ukiwa na mpiga dramu, mzunguko wa kumi unakukuta umeachwa nusu sekunde, na kwa mwendo wa 120 hilo ni pigo zima. Kwa kuwa Ditto haina metronomu, weka ya simu kwenye sikio moja mpaka mguu uzoee. Fahamu pia kwamba mwendo haubadiliki baada ya kurekodi. Ukigundua wimbo unataka kwenda polepole zaidi, futa uanze upya.

Kosa la pili ni la sauti kukatika. Kodi ya mwisho bado inalia, lupu inajifunga, na mlio unakatwa kama kwa wembe. Dawa yake haiko kwenye pedali. Cheza mzunguko mzima mara moja bila kurekodi, kisha gonga kwenye "moja" ya mzunguko wa pili ukiwa umo ndani ya mwendo. Mlio wa kodi ya mwisho wa mzunguko uliopita unaingia mwanzoni mwa lupu, na kiungo hakisikiki. Wapiga ridhim wanaobana nyuzi kwa kiganja hawapati shida hii sana, lakini anayeacha kodi zitiririke kwenye rumba ya polepole ataihitaji kila siku.

Tuje kwenye kutunga, na tuchukue mzunguko ambao kila kijana wa dansi anaujua: C, F, G, F, kipimo kimoja kila kodi. Ridhim ianzie chini, kodi za kawaida za freti tatu za mwanzo, na uache nafasi. Usicharaze kila nusu pigo, maana kinachofuata kitakosa pa kukaa. Punguza volyumu ya gitaa lenyewe hadi 6 au 7. Funga lupu, sikiliza mizunguko miwili, kisha ongeza sekondi solo kwa kodi zilezile lakini kwenye nyuzi tatu nyembamba. Kuanzia uzi wa tatu kwenda wa kwanza, C ni freti 5, 5, 3, F ni 5, 6, 5, na G ni 7, 8, 7. Vidole havihami mbali, na sauti inakaa juu ya ridhim bila kuigusa. Zipige moja moja, uzi baada ya uzi, zikijibu pale ridhim iliponyamaza. Hapo sasa volyumu nenda 10, chukua uzi wa kwanza na wa pili peke yake na utembeze sauti mbilimbili: freti 3 na 5 juu ya C, 5 na 6 juu ya F, 7 na 8 juu ya G. Ukizunguka hapo dakika kumi, wimbo unaanza kujitokeza wenyewe.

Ukirudia tabaka zote katika sehemu moja ya shingo ya gitaa, pedali haitakusaidia. Kodi ya C ya wazi ikirekodiwa mara tatu inakuwa uji, na hapo wengi wanalaumu spika. Nobu pekee ya Ditto inapandisha na kushusha lupu nzima kwa pamoja. Haiwezi kushusha ridhim na kuacha sekondi solo. Kwa hiyo mizani ya tabaka unaifanya kwa volyumu ya gitaa wakati wa kurekodi, na ukikosea unatengua tabaka la mwisho tu na kulipiga upya.

Besi inawezekana bila gitaa la besi, kwa kiasi. Chagua pikapu (kinasa mlio wa nyuzi) iliyo karibu na shingo, toni ifunge hadi sifuri, kiganja kiguse nyuzi karibu na daraja, na upige kwa dole gumba nyuzi tatu nene. Haitatikisa ukuta, ila inatosha kujua besi itapita wapi kabla hujampelekea mpiga besi. Anayepiga gitaa kavu, lisilo la umeme, kwa mtindo wa vidole, dole gumba likibeba besi na kidole cha shahada sauti ya juu, ule uliomtoa Jean Bosco Mwenda wa Katanga miaka ya 1950, afikirie mara mbili kabla ya kununua. Mikono yake tayari inafanya nusu ya kazi ya lupa, na lupu ikiongezwa juu ya mpigo wa aina hiyo inaujaza mpaka unapoteza mwanya wake.

Gitaa kavu lenyewe lazima liwe na pikapu. Ditto inapokea jeki kubwa ya gitaa, milimita 6.35, haina maikrofoni.

Kama chombo cha kujifunzia, thamani yake kubwa iko kwenye ridhim, ingawa wengi wanainunua kwa ajili ya solo. Lupu haina huruma. Kodi uliyoichelewesha kidogo inarudi na kosa lake kila baada ya sekunde nane, na huwezi kupiga solo juu yake bila kuliona. Zoezi linalolipa ni hili: rekodi ridhim vipimo 4, iache icheze, na badala ya solo piga ridhim ileile juu yake bila kurekodi. Magitaa mawili yakisikika kama moja, mkono umetulia. Yakisikika kama mawili, shida ni mwendo au nguvu ya mkono, na utaijua ni ipi.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kusimama. Kwa kuwa swichi ni moja, kusimama kunataka kugonga mara mbili, na lupu inanyamaza unapogonga mara ya pili. Ukitaka wimbo ukatike kwenye "moja", gonga mara ya kwanza nusu pigo kabla yake na mara ya pili kwenye "moja" yenyewe. Mazoezini hakuna tatizo. Jukwaani, kwa viatu vyenye soli nene, ni jambo la kufanyia mazoezi kama kodi nyingine yoyote.

La pili ni zito zaidi, na kwa muziki wetu ndilo linaloamua. Ditto inashika lupu moja. Wimbo wa dansi una nusu mbili: sehemu ya kuimba, taratibu, halafu sebene, sehemu ya magitaa iliyochangamka. Kuvuka kutoka moja kwenda nyingine haiwezekani kwenye pedali hii, maana lazima ufute ya kwanza ndipo urekodi ya pili. Kuna ujanja mmoja unaosaidia kidogo. Rekodi ridhim, ongeza sekondi solo kama tabaka la mwisho, kisha ishikilie swichi iliondoe. Unaimba juu ya ridhim tupu, na muda wa kuchangamka ukifika unashikilia tena, sekondi solo inarudi. Inafanya kazi kama kodi za sehemu zote mbili ni zilezile. Zikitofautiana, umekwama.

Hapo ndipo wakubwa wake wanapohesabika. Ditto X4 ya kampuni hiyohiyo ina lupu mbili zinazoweza kufuatana, moja ya kuimba na moja ya sebene, lakini inachukua nafasi kubwa miguuni. Boss RC-5, iliyotoka 2020, inahifadhi lupu 99 na ina midundo 57 ya dramu ndani yake, na mwendo unaweza kubadilishwa baada ya kurekodi. Usitarajie kukuta sebene au benga kwenye midundo hiyo. Utachukua iliyo karibu na kuifanyia kazi. Kwa anayetunga nyimbo kamili na ana fedha ya ziada, RC-5 ndiyo ya kununua. Kwa anayetafuta vipande na kunyoosha mkono, menyu zake zitamchelewesha. Boss RC-1, yenye dakika 12 na tundu za stereo, iko katikati, na ina faida moja ambayo hapa kwetu si ndogo: inakubali betri ya volti 9.

Ditto haikubali betri. Inataka adapta ya volti 9, angalau miliampea 100, hasi katikati. Soma mchoro wa ncha kwenye adapta kabla ya kuchomeka, kwa sababu adapta nyingi za ruta na vifaa vya nyumbani ni chanya katikati, baadhi zina volti ileile na ncha inayoingia vizuri, na zinaweza kuiua pedali. Wanaotumia pawabanki kwa waya wa kupandisha volti 5 hadi 9 wakati umeme umekatika wanaingia mtego huohuo, maana waya hizo nyingi zimetengenezwa kwa ruta. Na ukiunganisha pedali zote kwenye adapta moja yenye waya wa matawi, tegemea mvumo. Mpe Ditto adapta yake peke yake, mvumo kwa kawaida unaisha.

Mahali pake kwenye mstari wa pedali ni mwisho, baada ya distoshen (pedali ya kukwaruza sauti), koras na nyinginezo, ili kila tabaka liingie na rangi yake. Ukiiweka mwanzoni, ukiwasha distoshen kwa ajili ya solo, ridhim iliyorekodiwa nayo inachafuka. Kama distoshen unaipata kwenye amplifaya yenyewe, pitisha Ditto kwenye tundu za nyuma zilizoandikwa SEND na RETURN. Amplifaya isiyo nazo, iache kwenye sauti safi. Na kwenye amplifaya ndogo ya wati 10, besi uliyoirekodi kwa gitaa ndiyo itakayoitingisha koni ya spika kwanza, kwa hiyo punguza besi ya amplifaya kabla ya kuipunguza lupu.

Bei yake mpya kwa wauzaji wa Marekani huwa kati ya dola 90 na 130, kabla ya usafiri na ushuru, ndiyo maana wengi wanatafuta iliyotumika. Ukiishika ya mkono wa pili, usiridhike na taa kuwaka. Rekodi, funga, ongeza tabaka, litengue, lirudishe, simamisha, futa, yote mara kadhaa mfululizo. Swichi iliyochoka inajionyesha kwenye kugonga mara mbili: badala ya kusimama, lupu inaingia kwenye kuongeza tabaka, au inasimama mara moja na kukataa mara ya pili. Zungusha nobu lupu ikicheza, na ukisikia mikwaruzo, kuna vumbi ndani. Halafu chomoa gitaa, acha lupu tu icheze kwa sauti kubwa kidogo na utikise jeki ya kutokea. Sauti ikikatika, tundu limelegea, na hilo ni la fundi mwenye pasi ya kulehemu, kwa hiyo lipunguze kwenye bei.