Dodoso la NEWS: linafaa, ila usilipeleke Manzese, Dar es Salaam, kama lilivyo

NEWS (Neighborhood Environment Walkability Scale) ni dodoso la bure kutoka Marekani, lililochapishwa mwaka 2003 na Brian Saelens, James Sallis na wenzao. Linamuuliza mtu anavyoyaona makazi anayoishi: maduka yako umbali gani, njia zinapitika, usiku kuna mwanga, wizi upo? Majibu hulinganishwa na muda anaotembea kwa wiki. Kwa kazi hiyo ni chombo kizuri, na toleo fupi la maswali 54 linatosha.

Shida ya kwanza ni neno "mtaa", ukilitumia kutafsiri "neighborhood". Kwa Mtanzania mtaa ni wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, una mipaka yake. Dodoso linataka eneo la mwendo wa dakika 10 hadi 15 kutoka nyumbani, basi liseme hivyo hivyo: "kutoka mlangoni kwako, kwa miguu".

Hilo "kwa miguu" lirudiwe kwa kila duka, zahanati na kituo cha daladala. Ukilisema mara moja tu mwanzoni, aliyezoea bodaboda atakujibu "dakika tano", na hizo tano ni za pikipiki. Jibu la "sijui" huandikwa 8, lakini kwenye hesabu ligeuzwe kuwa 5, yaani alama ya zaidi ya dakika 30. Likisahaulika, wastani wote unaharibika. Baadhi ya maswali ya uhalifu na magari nayo hugeuzwa alama kinyume, maana hapo kukubali ni kusema hali ni mbaya.

Panapouma zaidi ni msongamano wa nyumba. Kwenye hesabu, kila aina ya nyumba ina uzito wake: nyumba ya familia moja ina uzito 1, jengo la ghorofa 13 na zaidi uzito 75. Sasa nyumba ya chini ya vyumba sita, kila chumba na familia yake, choo kimoja uani, utaiweka wapi? Ikihesabiwa kama nyumba ya chini tu, Manzese inatoka kama kitongoji cha matajiri chenye bustani. Ongeza swali la idadi ya familia kwa kila nyumba. Afadhali zaidi, anzia na NEWS-Africa, iliyorekebishwa na watafiti wa nchi saba, Kenya na Uganda zikiwemo.

Kupima mwendo wenyewe, wengi hutumia GPAQ (dodoso la shughuli za mwili) ya Shirika la Afya Duniani, yenye maswali 16. Angalizo: inahesabu mwendo wa dakika 10 mfululizo na kuendelea, kwa hiyo safari za dakika nne kwenda gengeni, hata ziwe sita kwa siku, zinapotea.

Tena, anayetembea sana huliona soko kuwa karibu kwa sababu amelizoea. Kwa hiyo pima mwenyewe kwa saa njia tatu au nne za eneo hilo, ulinganishe na majibu kabla hujaandika kwamba ukaribu wa soko ndio unaowatembeza watu.