Uzoefu wangu: king'ora cha moshi cha bei nafuu, cha betri ya volti 9

Ni kile cha plastiki nyeupe, cha duara, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo. Nakipa nyota nne kati ya tano. Kazi kinaifanya, tatizo liko dukani.

Ukiulizia tu "kifaa cha moshi" unaweza kupewa cha mfumo wa maofisini. Kwa sura ni pacha, ila hicho hakina betri wala king'ora; kinasubiri nyaya mbili zenye volti 24 kutoka kwenye paneli, yaani kisanduku kikuu cha mfumo. Ukikifunga peke yake nyumbani ni pambo. Kigeuze nyuma kabla ya kulipa. Kiwe na nafasi ya betri, kitufe cha kujaribia, maandishi ya 85 dB (ukubwa wa sauti) na EN 14604 (kiwango cha Ulaya cha ving'ora vya moshi), pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Miaka 10 ya uhai wake huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo, kwa hiyo kilichokaa stoo miaka sita umebakiwa na minne.

Chukua kinachonasa moshi kwa mwanga. Vyenye alama ya mionzi (ndani mna chembe ya americium-241) huwahi moto wa miali, lakini huchelewa kwa godoro la sponji linalofukuta. Moto wa kufukuta ndio unaokukuta umelala.

Kwa kuwa maandishi yoyote yanaweza kuchapwa kwenye plastiki, mimi hujaribu kwa kijiti cha udi. Kitufe kinathibitisha betri na sauti. Hakikuhakikishii kwamba moshi unasomwa. Moshi wa udi ukiingia vizuri kwenye matundu na kikabaki kimya, kirudishe.

Nyota ya tano nimeibana kwa sababu ya betri inayokuja nayo. Ni ya kaboni, inaisha mapema, kisha unaanza mlio mfupi kila baada ya dakika moja hivi, na watu wakichoka nao wanang'oa betri. Weka ya alikalini. Zile za kuchaji ziache: nyingi zina volti 8.4, hivyo kilio cha "betri ndogo" huja kabla ya wakati.

Funga darini, kwenye korido ya vyumba vya kulala, angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye taa. Pangaboi likae mbali nacho, upepo wake unautawanya moshi. Nyumba ya bati isiyo na dari ina shida yake: mchana hewa ya moto hujikusanya chini ya bati na moshi unaweza kuishia chini ya tabaka hilo, kwa hiyo usikibane kileleni kabisa. Jikoni weka cha joto, si cha moshi, la sivyo kila chapati italia.

Kikilia bila moto, mara nyingi ni vumbi, mdudu mdogo ndani, au mtu kapuliza dawa ya mbu karibu. Brashi laini na kavu inatosha kukisafisha.

Hewa ya sumu ya jiko la mkaa hakiioni kabisa. Hiyo inataka kifaa kingine, chenye maandishi EN 50291, kiwango cha Ulaya cha ving'ora vya hewa hiyo.