TAHADHARI: jamaa anayeuza sensa za winchi za kreni mtandaoni, msimtumie hela

Wakuu habari, naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mtanivumilia. Mafundi umeme wa kreni hasa, kuna jamaa anauza zile sensa za kiashiria cha mzunguko wa winchi, zinazosoma dramu (ile ngoma inayokunja kamba ya chuma) ikizunguka, anasema zote ni orijino na mpya. Si orijino na si mpya.

Ilikuwa hivi. Opereta wetu alilalamika kile kidude cha kwenye levo kinachomgonga kidole gumba winchi ikizunguka kimeanza vituko, mara kinagonga mara kimya, halafu kwenye skrini mshale unaonyesha mzigo unapanda wakati yeye anashusha. Kwa wasioijua hii kitu, opereta akiwa kabini dramu iko nyuma yake haioni, na mzigo ukitembea polepole hausikii hata kidogo, kwa hiyo kile kidude ndo jicho lake la kisogoni. Sensa ziko mbili, zimekaa kwa kupishana kidogo, kompyuta inaangalia ipi imeona jino la chuma kwanza ndo inajua dramu inaenda upande gani. Siginali ya moja ikikatikakatika, mwelekeo unavurugika hata kama mzunguko bado unasomeka.

Mimi nikasema sensa imekufa. Sikupima. Hilo kosa ni langu, kazi imesimama na kila mtu ananitolea macho mimi.

Jamaa akaomba picha ya lebo, dakika mbili hazijaisha kajibu "ipo bosi, mpya kabisa, imebaki moja". Hela kwanza. Mzigo ukaja, sensa ina waya mtupu haina plagi, namuuliza ananiambia "kata plagi ya ile ya zamani bosi uunge tu, siku hizi ndo zinakuja hivyo". Nikakata. Hiyo plagi msiisahau, nitairudia.

Nimefunga, nimesogeza spana mbele ya sensa, taa yake ndogo ikawaka, nikafurahi. Kuzungusha winchi, kimya. Volti 24 kati ya waya wa kahawia (pozitivu) na wa bluu (negativu) zipo, taa inawaka kila jino likipita, lakini kompyuta haioni kitu. Nikamwandikia, akajibu fasta yaani kama alikuwa amekaa anasubiri: "hapo moduli yako imeungua bosi, ninayo pia", yaani kile kisanduku cha kompyuta kinachopokea siginali. Hapo ndo nikashtuka, maana hajauliza hata nimepima nini.

Nikaitoa nikaikagua juani. Lebo imebandikwa juu ya maandishi yaliyokwanguliwa, ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo, na ndani ya nyuzi za skrubu kuna rangi ya njano iliyokauka, mashine yetu haina njano popote. Nikachukua rilei ndogo ya volti 24 (swichi inayogonga "tak" ikipata umeme) nikaiunga kati ya waya mweusi, ndo wa siginali, na wa bluu, spana mbele, kimya. Nikaihamishia kati ya mweusi na wa kahawia, tak! Sasa hiyo ni NPN (siginali yake ni ya negativu) wakati lebo imeandikwa PNP (siginali ya pozitivu) na kreni yetu inataka PNP. Na huu ndo mtego wenyewe wakuu, taa inawaka vizuri kabisa unaona sensa nzima, kumbe yenyewe inavuta siginali kwenda negativu na kompyuta imekaa inasubiri pozitivu, mtaangaliana hivyo mpaka kesho na wewe utaenda kununua moduli ya mtu bure.

Ile ya zamani nilishaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Nikaiokota nikaijaribu na rilei hiyohiyo, nzima! Ndo nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza, nikazima umeme, nikachomoa upande wa kompyuta, nikapima waya wa siginali mwanzo mpaka mwisho. Ukiuacha umetulia unasoma chini ya omu moja, safi. Ukiutikisa pale kebo inapokunja kuingia kwenye fremu ya winchi mita inaruka, waya umekatika ndani ya ganda na nje huoni kitu, na pini ya plagi ya upande wa mashine imeota kijani. Kipande cha waya na pini mpya, basi. Sensa ya zamani imerudi kwenye nafasi yake kwa umbali wa kwenye kitabu cha kreni na mshale unaenda unakotakiwa.

Siku zote hizo tulikuwa tumepaka alama ya rangi kwenye dramu na kufunga kioo ili opereta aone ikizunguka, hata OSHA ya Marekani, wale wasimamizi wa usalama kazini, inaikubali hiyo kama njia ya muda, ila ni kazi ya kuchosha shingo.

Sasa ile plagi. Nilipodai hela yangu jamaa akajibu kwa upole kabisa, "tatizo bosi umeshakata waya na kuunga, ikishaungwa hairudi". Yaani ushauri alinipa yeye, na ndo huohuo alionifungia nao mlango, halafu akaniblock. Siku tatu baadaye nikaona tangazo jipya jina lingine, picha zilezile, sensa juu ya kitambaa cha bluu chenye doa la grisi kwenye kona. Mkiona hicho kitambaa ni yeye, na kama mzigo wake umeshafika kwako pima na rilei kwanza, usikate chochote.