Uzoefu wangu: kuuza na kununua odi za kriketi ya T20 kwenye soko la kubadilishana madau

Ninalipatia soko hili nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimelinyima kwa sababu ya ucheleweshaji, na nitaueleza kwa kirefu maana ndio unaokula pesa za wageni wengi.

Kwa aliyezoea mikeka (madau ya kampuni za kubeti): hapa hushindani na kampuni, unashindana na watu wenzako. Mwenye soko anakata kamisheni kwenye faida yako halisi ya kila mechi, basi. Kila timu ina rangi mbili kwenye skrini, buluu ya kuunga (unabeti itashinda) na waridi ya kupinga (unabeti haitashinda). Ukipinga, wewe ndiye unayeshika nafasi ya kampuni. Kupinga pauni 40 kwa odi 1.25 maana yake timu ikishinda unalipa pauni 10. Dau hilohilo kwa odi 6.00 litakudai pauni 200. Kabla ya kubonyeza waridi, soma kiasi utakachodaiwa, usisome dau peke yake.

Mimi nafanya IPL tu, ligi ya India ya T20 (kriketi fupi, kila timu hupiga ova 20, na ova moja ni mipira 6), kwa sababu pesa zipo nyingi sokoni na mechi za jioni zinaanza saa 1:30 usiku India, ambayo ni saa 11 jioni Afrika Mashariki na saa 9 alasiri Uingereza. Mechi za ligi ndogo zina mapengo makubwa kati ya bei ya kuunga na ya kupinga. Ukiingia tu tayari una hasara, na kutoka ni shida.

Hesabu ya kutoka ndiyo kazi yenyewe. Umeunga timu kwa pauni 20 kwenye odi 2.00, odi ikashuka hadi 1.60. Zidisha dau kwa odi ya kuingia, gawa kwa odi ya sasa: 20 × 2.00 ÷ 1.60 = 25. Pinga pauni 25 kwa 1.60. Timu ikishinda unapata 20 na kulipa 15; ikishindwa unapoteza 20 na kupokea 25. Kwa vyovyote unabaki na pauni 5, na kamisheni ya 5% ikikatwa, pauni 4.75. Kitufe cha kusawazisha kinakufanyia hesabu hii, lakini jifunze kuifanya kwa mkono. Soko likikimbia, kitufe kinachukua bei yoyote iliyopo, na usipojua hesabu hutagundua umetolewa kwa bei mbovu.

Sasa ucheleweshaji. Upo wa aina mbili. Soko lenyewe linashikilia oda yako sekunde kadhaa mechi ikiwa inaendelea, ili kumlinda aliyeweka bei. Hilo sina ugomvi nalo. Wa pili ni wa picha: televisheni ya setilaiti iko nyuma ya uwanja kwa sekunde kadhaa, na matangazo ya intaneti yanaweza kuwa nyuma nusu dakika au zaidi. Wapo watu wanaotuma taarifa kutoka jukwaani uwanjani. Na tofauti na soka, ambako goli au penalti husimamisha soko, kwenye kriketi wiketi ikianguka, yaani mpigaji akitolewa, soko linaachwa wazi. Kila mtu na macho yake.

Iangalie ngazi ya bei (orodha ya pesa zinazosubiri kwenye kila odi) na utaliona jambo hili waziwazi. Kwenye 1.62 kuna pauni 3,000, kwenye 1.63 nyingine 2,000. Mrushaji kwenye picha yako bado anarudi nyuma kuanza kukimbia. Ghafla namba zote mbili zinafutika, ngazi inabaki tupu pande zote, na bei inayofuata ni 1.90. Kwenye skrini yako mpira bado haujarushwa, lakini wiketi imeshaanguka. Kama ulikuwa na oda inayosubiri kuunga kwa 1.62, imechukuliwa, na aliyeichukua anajua usichokijua. Oda iliyokaa muda mrefu bila kuguswa kisha ikajaa papo hapo, mara nyingi ni habari mbaya.

Kwa hiyo nafuta oda zote kabla mrushaji hajaanza kukimbia, na naweka mpya kati ya ova na ova, au kwenye mapumziko ya mkakati ya dakika 2 na nusu. IPL ina mawili kwa kila zamu ya kupiga: wanaorusha huchukua lao kati ya ova ya 6 na ya 9, wanaopiga kati ya ya 13 na ya 16. Hapo mpira umesimama na wote tunaona kitu kilekile. Oda ya kukata hasara yenyewe isikupe usingizi mnono: bei ikiruka kutoka 1.40 hadi 1.75, katikati hakuna mtu wa kukununua.

Upande ninaoupenda ni kumpinga anayependwa akiwa anapiga na odi yake imeshuka sana. Mpira wa mikimbio (alama) 4 husogeza bei hatua chache, wiketi huirusha. Chukua ile pauni 40 kwa 1.25. Wiketi ikianguka na odi kufika 1.45, naunga pauni 34.48 na kubaki na 5.52. Mambo yakienda vibaya hadi 1.10, naunga 45.45 na kukubali hasara ya 5.45. Naijua hasara yangu kabla sijaingia, na kuruka kwa bei kunakuja upande wangu, hakunijii kwa nyuma.

Anayeona odi ya 1.05 kama pesa ya bure akumbuke Aprili 15, 2025, Mullanpur. Punjab Kings walitolewa wote kwa mikimbio 111. Kolkata Knight Riders walifika 62 kwa wiketi 2, wakihitaji 50 tu na ova 12 na ushei mkononi, kisha wakaanguka wote kwa 95. Na anayemzika anayefukuzia (anayepiga wa pili) jumla kubwa akumbuke Punjab haohao, Eden Gardens, Aprili 26, 2024: walifukuzia 262 na kuifikia mipira 8 ikiwa bado.

Uwanja una uzito kuliko majina. Chinnaswamy, Bengaluru, mipaka iko karibu, jumla ya 190 si ngome. Chepauk, Chennai, ardhi ni nzito na warushaji wa kuzungusha wana kazi. Usiku umande ukishuka mpira unateleza mkononi, kuzungusha kunakuwa kugumu, na timu inayopiga ya pili inafaidika. Nawatazama wachezaji wa uwanjani: taulo zikianza kutoka mfukoni kila baada ya mpira, siwapingi wanaofukuzia. Ova 6 za mwanzo pia, wakati wachezaji wawili tu wa timu inayorusha wanaruhusiwa nje ya duara lililochorwa uwanjani, bei inapiga kelele nyingi. Mimi husubiri ziishe.

Mvua ina mtego wake. Ili mechi ya T20 iwe na mshindi, timu ya pili lazima ipate angalau ova 5, isipokuwa imemaliza kazi mapema. Isipofika hapo, madau yote ya mshindi wa mechi yanafutwa, pamoja na ile faida uliyoisawazisha. Namba za kijani kwenye skrini si pesa hadi mechi ihesabiwe.

Masoko ya jumla ya mikimbio au mpigaji bora siyagusi. Pesa ni chache na bei ni za kukisia. Mechi za siku 5 ni mchezo mwingine kabisa, kwa sababu sare ni chaguo la tatu na utabiri wa hali ya hewa unaihamisha kuliko mpigaji yeyote.

Mipangilio miwili ya kugusa siku ya kwanza. Weka kikomo cha amana cha mwezi kabla hujaweka hata pauni moja. Kisha angalia kile kisanduku cha kubakiza oda mechi inapoanza: kwenye kuingia kiache tupu, oda ifutwe, kwenye oda ya kutoka kiwekee alama, la sivyo mpira wa kwanza utakukuta mlango wako wa kutokea umefungwa.