Tuisheni ya matamshi ya Kiingereza hapa Moshi, nimesoma miezi miwili

Aisee naandika maana wagumu wenzangu, wapagazi wa mlimani, wananiuliza kila siku kama hii tuisheni ya jioni ya kule Majengo inafaa. Inafaa. Ni 30,000 kwa mwezi, siku 3 kwa wiki, unatoka mzigoni unaenda.

Mimi nabeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro mwaka wa sita sasa na nataka kusogea niwe muongozaji. Kilichonipeleka darasani ni neno moja, acclimatization. Tulikuwa tunatoka kambi ya Shira, tunapanda Lava Tower halafu tunashuka kulala kambi ya Barranco, mama mmoja mteja akauliza mbona tunapanda kote huku na kurudi chini, na jibu ninalo kabisa, mwili unazoeshwa hewa nyepesi, nikamwambia ni kwa ajili ya aklimatizeSHOni. Hakuambulia kitu. Nimerudia mara tatu, iliniuma sana.

Ticha aliliandika ubaoni vipande sita, ac-cli-ma-ti-za-tion, akasema neno refu usilianzie mbele, lianzie nyuma, ukikuta -tion mkazo, yaani pale unapotia nguvu ya sauti, unakaa kwenye silabi iliyo kabla yake, yaani ZA. Tukapiga makofi, mepesi matano na zito moja kwenye ZA, darasa zima, mpaka ikaingia. Sisi Kiswahili chetu mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho karibu kila neno, ndo maana tunaubeba tunaupeleka kwenye Kiingereza bila kujua. Akaandika "barabara imejengwa barabara" akatuambia tusome kwa sauti, hapo ndo nikasikia kwa masikio yangu kwamba mkazo ukihama maana nayo inahama. Kwa Kiingereza unahama hata ndani ya ukoo mmoja: PHOtograph, phoTOgraphy, photoGRAphic.

Upande wa kuchambua neno ndo nimeupenda zaidi. Hypothermia, hypo ni chini, therm ni joto, basi umeshaelewa mgonjwa ana nini hata kama hujawahi kulisoma, na hyper ni juu, ukizichanganya hizo mbili kwenye redio unaripoti ugonjwa mwingine kabisa. Ticha anasema hii kazi tunaijua toka utotoni, a-li-ni-beb-e-a, kila kipande na kazi yake.

Kasoro zipo. Watu wengi mno, unaweza kukaa jioni nzima ukatamka mara moja tu. Umeme ukikata tunasoma kwa tochi zetu za kichwani za mlimani. Na zile sauti Wazungu wanazozimeza walizipitia siku moja tu, wakati vegetable mimi nilikuwa naitamka silabi nne kumbe wao wanasema tatu, hapo wangekaa hata wiki.

Safari iliyopita pale Lava Tower nimelitamka acclimatization mara moja, mteja akaitikia, tukaendelea pole pole. Darasa jipya linaanza mwezi ujao, wahi mapema, viti havitoshi.