Walimu watatu wa mazoezi, na yule niliyebaki naye

Katika muda wa miaka miwili nimewalipa walimu watatu wa mazoezi hapa Dar es Salaam, na ninaandika tathmini hii kwa sababu wawili wa kwanza niliwachagua kwa vigezo ambavyo naona wenzangu wengi bado wanavitumia. Nina miaka 52, ni mhasibu, nashinda kitini kutwa nzima, natumia atenolol kwa ajili ya presha, na goti langu la kulia huniuma nikipanda ngazi. Sikuwa natafuta umbo la jukwaani. Nilitaka niweze kubeba ndoo ya maji na kupanda hadi ghorofa ya tatu bila kusimama njiani.

Mwalimu wa kwanza nilimpata kwenye jimu moja ambayo sitaitaja, na niliyempendea, nakiri, ni mwili wake. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, lakini aliyeunda chombo chake mwenyewe si lazima ajue kuunda cha mwenziwe. Siku ya kwanza aliniuliza maswali mawili tu: nataka kupungua kilo ngapi, na nitalipa kwa mwezi au kwa kipindi. Kisha akatoa miaka yangu kwenye 220, akapata 168, akaniambia nisishuke kwenye mashine ya kukimbilia mpaka mapigo ya moyo yafike 135. Yaligota kwenye 112. Akadhani nategea. "Mama, ongeza mwendo, mwili unadanganya huo," akawa anasema huku akibonyeza kitufe cha kasi, nami nikakimbia hadi nikaona giza. Tuliposhuka akanipa seti tatu za kuruka kichura. Goti lilivimba usiku uleule, na kwa wiki mbili nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume.

Daktari wangu ndiye aliyenieleza kilichotokea. Atenolol ni miongoni mwa dawa za beta-bloka, na kazi yake mojawapo ni kuufanya moyo upige polepole, kwa hiyo mtu anayeitumia anaweza kuwa amechoka kupita kiasi ilhali namba kwenye saa inaonyesha kwamba bado ana nafasi. Hata kwa asiyetumia dawa yoyote, hesabu ile ya 220 ni wastani tu, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo 10 au zaidi. Swali moja, "Mama, unatumia dawa gani?", lingetosha kuniepusha na yote hayo. Ndiyo maana sasa nashikilia kwamba kigezo cha kwanza cha mwalimu ni maswali anayouliza kabla hujagusa chuma, na asiyeuliza kuhusu dawa, upasuaji, maumivu ya kifua, kizunguzungu au ujauzito hafai kuongozana na mtu aliyevuka miaka 40, hata kama bei yake ni ya kuvutia.

Wa pili alikuwa wa mtandaoni, akituma ratiba kwa WhatsApp. Sina mengi ya kumsema. Niliilinganisha ratiba yangu na ya binti wa ofisini kwetu mwenye miaka 28, tukakuta ni ileile tangu mazoezi hadi chakula, isipokuwa jina la juu. Kwa kijana mwenye afya, anayejua tayari namna ya kuchuchumaa na kunyanyua, ambaye shida yake ni kukosa mpangilio tu, huduma ya aina hii inaweza kufaa na ni nafuu. Kwa anayeanza ni hatari, kwa sababu hakuna anayeuona mgongo wako ukipinda.

Wa tatu ni mwanamke wa makamo anayefundisha wateja majumbani, na ndiye niliyebaki naye kwa miezi minane sasa. Kipindi cha kwanza hatukufanya zoezi hata moja la kutoa jasho. Alifungua daftari kubwa la kaunta, akaandika majina ya dawa zangu na saa ninazozimeza, akanipima presha nikiwa nimekaa, kisha akavuta kiti cha meza ya chakula na kukisukumia ukutani ili kisiteleze. Akaniomba nikunje mikono kifuani na kuinuka na kukaa mara nyingi niwezavyo kwa sekunde 30. Niliweza mara 10, na mara ya nane goti lilishaanza kulia. Akaandika 10, na pembeni yake akaandika "goti la kulia linaingia ndani". Hakunihukumu wala kunisifia, akaniambia tu, "Dada yangu, hapa ndipo tunapoanzia."

Njia yake ya kupima ugumu wa zoezi imenifunza mengi. Badala ya kuhesabu mapigo, hutumia kipimo cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, ambacho huanzia 6 (kutulia bila kujitahidi) hadi 20 (kujikaza hadi mwisho), na mteja mwenyewe hutaja namba kulingana na anavyojisikia. Mimi nilitakiwa nibaki kwenye 12 au 13. Kwenye matembezi hutumia njia rahisi zaidi: nikiweza kutamka sentensi nzima lakini nisiweze kuimba, mwendo unatosha. Ninaponyanyua uzito hunikumbusha kila mara nitoe pumzi wakati wa kuinua, kwa maana kubana pumzi hupandisha presha ghafla, na haniruhusu kukaa chini mara tu baada ya zoezi, kwa kuwa presha ya anayetumia dawa inaweza kushuka haraka mno. Ratiba yake imejengwa juu ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, yaani dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili.

Kuhusu vyeti, anacho cha ACE, taasisi ya Marekani inayowapa vyeti walimu wa mazoezi, na alinionyesha mwenyewe ukurasa wa mtandaoni ambako jina la mwenye cheti linahakikiwa. Alinionyesha pia cheti cha huduma ya kwanza, na tarehe ya mwisho wake ilikuwa haijapita. Ninashauri viombwe vyote viwili bila aibu, ingawa kwangu cheti huja baada ya yale maswali.

Ana kasoro zake. Bei yake ni shilingi 40,000 kwa kipindi, karibu mara mbili ya niliyolipa jimu, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo imemchelewesha mara kadhaa, ingawa kila mara alifidia dakika zilizopotea. Hatoi ratiba ya chakula, akisema hiyo ni kazi ya mtaalamu wa lishe, jambo ninaloliheshimu japo lilinigharimu miadi nyingine. Anayependa muziki mkubwa na kelele za hamasa atamwona mpole mno. Anayejiandaa kwa mbio za marathoni amtafute mwalimu wa riadha, naye mwenyewe huwaambia wateja hivyo.

Mwezi uliopita tulirudi kwenye kile kiti cha meza ya chakula, nikainuka mara 16 bila goti kulia. Akaandika 16 chini ya ile 10, akafunga daftari, akaniambia kwamba kuanzia sasa vipindi viwili vya wiki vipungue kiwe kimoja, kwa kuwa mazoezi ya Jumanne nimeshayajua na ninaweza kuyafanya peke yangu.